Misumari Mitatu ya Kaunta

Harufu ya duka ilitoka siku Fundi Oswadi alipopitisha randa kwa mara ya kwanza kwenye ubao wa kaunta. Sisi tulidhani duka limekwisha kufa, kumbe lilikuwa limejificha ndani ya ubao: mafuta ya taa, sabuni ya mche, sukari iliyolowa na kukauka mara nyingi, na juu ya yote hayo harufu ya kitambaa kipya cha kaki, ile ya wanga inayokwaruza pua. Maranda yalidondoka miguuni mwa fundi, nasi watoto tukayakokea moto, maana ilikuwa kipupwe, na kipupwe cha Ufipa si cha kuchezea. Upepo hupita juu ya nyika ile tupu bila mti wa kuubishia, ukaingia hadi kwenye mifupa. Kijiji chetu kiko kwenye barabara ya kutoka Chala kwenda Namanyere, na asubuhi za majira yale hata mbuzi walikuwa wakitoka zizini kwa kubembelezwa.

Baba alikuwa muuzaji wa duka la ushirika la kijiji. Watu walimwita Baba Duka, na jina hilo halikuwa dogo katika miaka ya uhaba, kwa sababu yeye ndiye aliyejua sukari inakuja lini na nani atapata. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wafanyabiashara kutoka Mbeya wakafungua vibanda vya mabati pembeni mwa barabara, wakajaza sabuni za rangi zote, na duka la ushirika likabaki na masanduku ya viberiti vilivyoota ukungu. Hatimaye likafungwa, vifaa vyake vikauzwa, na baba akainunua kaunta aliyoiegemea miaka mingi. Alisema atatengeneza meza ndefu ya sebuleni, iegemezwe ukutani mkabala na mlango, mgeni akiingia aione kwanza. Nadhani alitaka abaki na kitu cha kuegemea.

Mama alikuwa fundi cherehani, na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia. Kijiji kizima kilimwita Mama Mkasi, na si kwa kumsifu. Mtu akileta mita mbili za kitambaa, mama alikitandaza, akakunja uso, akasema hakitoshi sketi ya marinda. Mwenye kitambaa naye hujibu, “Hakitoshi vipi, Mama Felista, na nimepimiwa na mumeo mwenyewe?” Basi mama alishona kwa kubana, sketi ikaishia juu ya magoti, kaptura ya shule ikambana mtoto mapajani, na maneno yakasambaa kwamba fundi yule anakata vipande vya watu na kuvificha kikapuni. Lisemwalo lipo, walisema. Shuleni wenzangu walinitania kwa kuchezesha vidole viwili mfano wa mkasi kila nilipopita. Nilikuwa nikikichungulia kikapu cha mama kwa siri, nikatafuta vipande vya watu, na nilipokosa sikufurahi. Nilidhani anajua kuficha kuliko mimi ninavyojua kutafuta. Jioni, mama akilalamika mezani kwamba leo tena ameitwa mwizi, baba alikuwa akitowea ugali wake wa ulezi polepole, macho kwenye bakuli la maharage, akisema, “Achana nao. Watu hawakosi la kusema.”

Ubao wa kaunta ulikuwa mrefu lakini mwembamba wa upana, maana ulikuwa umelambwa na viwiko vya watu hadi ukingo mmoja ukabonyea. Fundi Oswadi, aliyejifunza useremala misheni na kuzoea kuzungumza na mbao kuliko na watu, akashauri uunganishwe na ubao wa mninga alioutoa huko mteremkoni, njia ya kushukia Wampembe. Ubao ule ulikuwa umepasuliwa tu, upande mmoja bado una umbo la mti wenyewe, ukipinda kwa ndani na kutoka tena kama kingo za mto. Baba alitaka ukatwe unyooke. “Mzee,” fundi akamwambia, “nikiunyoosha huu, meza yako itabaki ya kuwekea kikombe kimoja. Tuondoe gome, tuulainishe, tuuache ulivyozaliwa.” Baba alikubali kwa shingo upande. Miguu ilitengenezwa kwa mbao za shelfu, na kwenye mguu mmoja bado ulisomeka mchoro wa chaki uliokataa kufutika. Nilipenda kumtazama fundi akipaka gundi na kukaza viunganisho, na nilipenda zaidi jinsi ubao mweusi wa kaunta na ubao mwekundu wa mninga ulivyokubali kulala pamoja.

Jambo moja tu baba hakulikubali. Karibu na ukingo wa ile kaunta ilipigwa misumari mitatu ya shaba, iliyozama hadi ikawa sawa na ubao, mmoja mwanzoni, mmoja katikati, mmoja mwishoni. Ndiyo iliyokuwa mita ya duka. Baba aliweka ncha ya kitambaa kwenye msumari wa kwanza, akakivuta hadi wa mwisho, hiyo mita moja; wa katikati ulikuwa nusu. Kijiji kizima kilivaa kwa kipimo hicho. “Hii ing’oe,” alimwambia fundi. Fundi akasema akiing’oa itaacha mashimo, ubao utaonekana umeliwa na mchwa, bora aizamishe kidogo ili isile randa. “Ing’oe tu, tutaziba,” baba akasema, na akarudia tena baadaye, na tena, akiwa amesimama juu ya kichwa cha fundi wa watu. Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno. Hata mimi niliona ajabu.

Ndipo mama akatoka ndani na futikamba yake shingoni. Alitaka vipimo vya kitambaa cha kufuma cha kufunikia meza, kwa sababu nyumba yenye heshima siku zile ilifunika kila kitu, kuanzia viti hadi redio. Akapima urefu, akapima upana, akageuka kuondoka. Kisha akasimama. Akarudi, akainama juu ya misumari. “Felista, shika hapa,” akaniambia. Nikaishikilia ncha ya futikamba kwenye msumari wa kwanza, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, naye akaivuta hadi msumari wa mwisho. Alama ya mita haikuangukia kwenye msumari, iliupita. Ilikwenda kukaa mbele yake, mbali kiasi cha vidole vinne vya mama. Akaniambia nishike vizuri. Nikashika vizuri. Vidole vinne vilevile.

Fundi Oswadi aliweka randa chini, akasema anakwenda kutafuta gundi, ingawa kopo la gundi lilikuwa pale miguuni pake. Mama hakupandisha sauti. Alimuuliza baba, “Baba Felista, huu msumari ulihama lini?”

“Niliikuta hivyo,” baba akasema.

“Ulijua?”

Baba akatazama barabarani. Kisha akasema kwa haraka, kama mtu anayetema kitu, kwamba sukari ilikuwa ikipungua kwa panya na kwa wakubwa waliokuja na vikapu vyao, na wakaguzi hawaulizi wakubwa, wanamuuliza muuzaji. Kitambaa kilichobaki dukani kwa kila mita ndicho kilichofidia. “Ningefungwa, mama. Ningefungwa, na wewe ungebaki na watoto hawa.”

“Kwa hiyo nikafungwa mimi,” mama akasema. Akaikunja futikamba yake, akaitia mfukoni. Fundi aliporudi, alimkuta anamsubiri. “Misumari usiiguse,” akamwambia. “Iache hapohapo ilipo.” Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema utafanya nini na nguo yenyewe ukishajua. Mama hakuivua. Aliendelea kupika, kufua na kumwita baba kwa jina langu kama zamani. Ila ile meza hakuifunika. Iliingia sebuleni ikakaa uchi, ukingo wake wa mninga ukipindapinda na misumari yake mitatu iking’aa, na kila aliyekuja alishangaa nyumba ya fundi cherehani kukosa kitambaa cha meza. Wengine walicheka wakisema vitambaa vyote keshaviuza.

Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwetu ilifika kabla kipupwe hakijaisha. Sebule ilijaa wanawake waliojifunga mashuka juu ya khanga kwa baridi. Baada ya sala, Mama Gaudensia, aliyekuwa na ulimi kuliko wote, akapapasa meza na kuruka kwa furaha. “Si kaunta ya duka hii? Mnakumbuka tulivyokuwa tunasukumana hapa? Mama Felista, leta kitambaa nikupimie, lakini mkasi uuweke mbali!” Watu wakacheka. Nami nikamtazama mama. Nilijua ndani ya mfuko wa gauni lake mna futikamba. Ilikuwa ni kuitoa tu, kuilaza pale, mbele ya mashahidi wote aliowahitaji maishani, na jina lake lingerudi kabla ya chai kupoa. Baba alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono katikati ya magoti, anasubiri. Mama akamtazama, akatutazama sisi, akachukua birika, akawamiminia chai.

Usiku ule nilimfuata jikoni nikiwa na hasira za kitoto, nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anasuuza vikombe. “Sasa hivi mna mzazi mmoja mwizi, tena wa kusingiziwa,” akaniambia. “Unataka uwe na wa kweli?” Nilijisikia aibu kwa miaka yote niliyomchungulia kikapu, nikajisikia aibu kwa ajili ya baba, na baya zaidi, nilifarijika kwamba hakusema. Mwaka ule marobota ya mitumba yakaanza kushushwa gulioni, watu wakavaa nguo zilizokwisha kushonwa, na cherehani ikawa mahali pa paka kulala. Mita ya kaunta haikumhusu mtu tena. Jina la Mama Mkasi lilibaki.

Lilibaki hadi kwenye msiba wake. Watani walifanya kazi yao, na ndivyo mila ilivyo, hakuna wa kuwalaumu. Mtani mmoja alijifunga khanga ya marehemu, akajifanya yeye, akatandaza kitambaa kwenye meza ileile, akakivuta kutoka msumari hadi msumari, akakata kipande cha hewa na kukisokomeza kifuani. Waliokuwa wakilia walicheka hadi wakashika mbavu. Baba, mzee sasa, akainuka kwenye mkeka, akapita katikati ya watu, akaweka kiganja juu ya msumari wa mwisho. “Huyu hakuiba,” akasema. “Mimi...” Sauti ikamkatikia. “Maskini, mzee kazidiwa,” watu wakasema. “Mpeni maji.” Akaniangalia mimi, mtu pekee pale ndani aliyejua sentensi ile inakwenda wapi. Nami nikamshika mkono taratibu, nikamtoa nje.

Meza iko kwangu sasa, hapa Sumbawanga mjini, mkabala na mlango kama baba alivyotaka. Vijana wanaokuja na wanangu wanaushangaa ule ukingo. “Mama, hii ni kali sana, Dar wanaziuza bei mbaya hizi,” wananiambia, na mmoja akanipiga picha nikiwa nimeegemea. Zamani ubao uliopinda ulikuwa umaskini wa kuufunika. Leo ni fahari ya kuipigia picha. Siku hizi duka lolote lina rula ya chuma, na mteja asiyeamini anapima mwenyewe kwa simu. Wakiniuliza habari za misumari, huwa nawaambia ni urembo wa zamani, nikaleta chai.

Baba naye amekwenda, hakuna tena wa kumfichia. Huko kijijini bado wapo watu wazima waliovaa zile kaptura za kubana na sketi za kuishia juu ya magoti, nao humkumbuka mama yangu kwa kucheka na kuchezesha vidole viwili. Nawaambia ninyi, kwa kuchelewa sana: mama yangu hakumwibia mtu kitambaa. Kile mlichokuwa mkikitafuta kikapuni mwake, na mimi nikikitafuta pamoja nanyi, hakikuwahi kuvuka kaunta.