Tairi za Dada Shizu Bado Ziko Darini

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jiko la mafuta ya taa halijashika vizuri, Asari Tomie anatoka nje ya gereji yake na kuutazama mlima. Hautazami kwa uzuri wake. Anautazama kama mama anavyotazama chungu kinachotaka kufurika, kisha anarudi ndani akisonya.

"Mara mbili tayari," anasema. "Na wao wanangoja ya tatu. Ngoja ngoja, wataona."

Hapa Kamisawa, mji mdogo wa bara katika mkoa wa Akita, kaskazini mwa Japani, hesabu hiyo anaijua kila mtu. Mlima Tsurugane ukivaa nyeupe mara tatu, theluji ya nne inashuka mjini. Basi watu hawaleti magari kubadilishwa tairi mlima unapovaa mara ya kwanza, wala ya pili. Wakiona ya tatu wanakuja wote siku moja, foleni inafika posta, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake na kila mmoja anadai alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mume wa Tomie.

Marehemu alikuwa na marafiki kweli, ila si wengi hivyo.

Tomie ana miaka sitini na tatu. Alianza kufungua nati mwaka alioolewa, akaendelea mume wake alipougua, na tangu alipomzika miaka tisa iliyopita anaifanya kazi peke yake. Ni mwembamba, ana mikono mipana isiyolingana na mwili, na akisema jambo halizungushi. Ukali wake umemletea wateja na umemfukuzia wateja.

Juu ya gereji kuna dari ya mbao, na humo ndimo biashara yake inamoishi. Kila nyumba ya Kamisawa ina seti mbili za tairi, za joto na za baridi. Seti isiyo kazini inalala darini kwa Tomie, imefunikwa plastiki, na kila tairi imeandikwa kwa chaki jina la mwenyewe na mahali ilipokaa: mbele kushoto, nyuma kulia. Zamani dari hiyo ilibeba tairi za nyumba zaidi ya mia mbili. Mwaka huu hazifiki themanini.

Zilizopungua zimeliwa na tairi za misimu yote.

Duka kubwa la kwenye barabara kuu lilianza kuziuza miaka mitatu iliyopita, likatundika bango linaloonekana hata kutoka stesheni: funga mara moja, sahau mwaka mzima. Ubavuni zina alama ya chembe ya theluji, na polisi wa barabarani wanaikubali. Tomie hazitukani tairi hizo, kinyume na anavyosemwa. Mpwa wake anayeishi Sendai anazo, na yeye mwenyewe ndiye aliyemshauri azinunue.

"Sendai theluji inakuja kama mgeni, inakunywa chai inaondoka," anasema. "Hapa inahamia na mizigo yake."

Anachukua kipande cha mochi, ile keki ya mchele, kutoka kwenye sahani iliyo karibu na jiko, na kukigonga mezani. Kinalia kama jiwe.

"Mpira wa tairi ya joto ukipigwa na baridi unakuwa hivi, mochi ya juzi. Tairi ya baridi ni mochi iliyotoka kutwangwa sasa hivi, inashika. Sasa hiyo ya misimu yote ni mochi ya asubuhi ukiila jioni. Kwenye theluji inakwenda, sikatai. Kwenye barafu? Mimi siweki mtu wangu."

Lakini mtu wake mmoja aliwekwa, na hiyo ndiyo habari ambayo mji mzima unaijua na hakuna anayeitaja mbele yake.

Kosaka Shizu ana miaka sabini, na nyumba yake iko mbele kidogo ya gereji, ukivuka mto. Alikuwa mkubwa kwa Tomie shuleni, akamfundisha kuogelea, akamshika mkono siku ya mazishi ya mume wake. Tomie anamwita dada. Shizu alikuwa akitengeneza achari ya figili, ile inayokaushwa kwanza kwa moshi wa kuni, na kila Jumamosi akiipeleka sokoni kwa pikapu yake ndogo nyeupe. Watu walikuwa wakitoka hata mkoa wa jirani kuifuata.

Vuli ya mwaka juzi alifika gerejini na pikapu inang'aa chini. Mwanawe anayeishi Saitama alikuwa amemnunulia tairi za misimu yote, zikafungwa kwenye duka kubwa.

"Nimekuja kuiaga dari yako," alisema akicheka. "Mwanangu anasema watu wa kisasa hawabadilishi tairi. Eti niupumzishe mgongo."

Kama Tomie angenyamaza akamkaribisha chai, mambo yangekuwa mengine. Hakunyamaza.

"Dada, mwanao anaijua theluji ya wapi? Ya kwenye televisheni?"

"Mwanangu kazaliwa hapa."

"Kazaliwa hapa akakimbia hapa. Wewe unapita Kona ya Mierezi alfajiri. Pale jua haligusi mpaka Machi. Rudisha hizo."

"Ni zawadi, Tomie."

"Zawadi gani ya kukuzika?"

Tomie anasema aliona uso wa Shizu ukibadilika, na bado hakukoma. Shizu naye ana ulimi wake. Alimwambia neno ambalo wengi mjini walikuwa wakilisema pembeni.

"Unatetea tumbo lako, mdogo wangu. Sisi tukibadilisha mara mbili, wewe unakula mara mbili."

Leo, akiwa amekaa juu ya tairi iliyolazwa chini, Tomie analirudia neno hilo bila kupunguza kitu.

"Lilinichoma kwa sababu lina ukweli. Nusu yake. Nilikuwa namwogopea yeye na najiogopea mimi. Sasa mtu atajuaje ipi ni ipi? Hata mimi sikujua. Nikamjibu."

Alimjibu hivi: "Sawa. Nenda na zawadi yako. Ila siku ukiteleza, usinipigie simu."

Shizu aliondoka. Tairi zake za baridi hakuzichukua. "Tupa," alisema dirishani.

Majira yale ya baridi pikapu ilikwenda vizuri tu. Theluji ilikuwa nyingi, laini, na Shizu alikuwa akipita mbele ya gereji kila Jumamosi, mikono yote miwili kwenye usukani, shingo imenyooka, bila kutazama pembeni. Tomie alikuwa akimwona kupitia kioo. Anakiri kwamba kuna siku alitamani ateleze kidogo tu, akwame pale mtoni aaibike, ili baadaye wacheke pamoja.

"Kidogo tu," anasema. "Mungu gani anapima kidogo?"

Mwezi wa kwanza mwaka huu mvua ilinyesha juu ya theluji, jambo ambalo siku hizi si geni, na usiku baridi ikakaza. Kulipokucha barabara ilikuwa nyeusi, inaonekana kama imelowa tu. Haikuwa imelowa. Kwenye Kona ya Mierezi pikapu ya Shizu iliacha barabara, ikashuka kwenye mtaro wa maji ya mashamba na kulala ubavu, mapipa ya achari yakamwagika. Nyonga yake ilivunjika. Simu alikuwa nayo mkononi.

Alipiga namba ya bima. Akaambiwa magari yote ya kuvuta yako kazini, mkoa mzima unateleza, tafadhali asubiri. Hakusema kama ameumia. Wazee wa Kamisawa hawapendi kusumbua watu, na ambulensi kwao ni kelele mlangoni kwa jirani. Alisubiri. Kutoka pale mpaka kwa Tomie, penye jeki, winchi na mwanamke anayeamka saa kumi na moja, ni mwendo wa dakika tano.

Aliyemkuta ni dereva wa greda la theluji, jua likiwa limeshapanda.

Tomie alikwenda hospitalini na mfuko wa machenza. Shizu alikuwa amegeukia ukutani. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimekatwa kwa sababu ya baridi.

"Dada, kwa nini hukunipigia?"

Shizu hakugeuka. "Uliniambia nisipige. Nikakutii."

Tomie alikaa mpaka wauguzi wakamwomba atoke. Machenza alirudi nayo, hajui kwa nini.

Mji nao ukamgeuzia maneno. Waliokuwa wakisema anatetea tumbo lake, sasa wakaanza kumsifu. Wiki ile foleni ilirudi gerejini, watu wanalipa kwa furaha, wanamwambia shangazi, ulisema kweli, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuona haya. Tomie alikuwa anafunga nati na machozi yanamtoka, wakadhani ni moshi wa jiko.

"Mkuu nani?" anauliza Tomie, na hapa sauti yake inapanda. "Mkubwa ni yeye! Mimi ndiye mdogo. Mdogo ndiye aliyemvunja mkubwa guu, halafu wananipongeza. Na yule wa greda kaniambia wazi, asubuhi ile hata yeye aliserereka pale, na minyororo kwenye magurudumu. Kwa hiyo labda hata tairi zangu zisingemshika. Sijui. Hilo la tairi sijui. La simu najua."

Shizu amesharudi nyumbani. Anatembea kwa fimbo, leseni ameirudisha polisi, na banda lake la moshi halijawashwa vuli hii. Sokoni mahali pake amekaa mtu anayeuza uyoga. Tomie amekwenda mlangoni kwake mara kadhaa. Anafunguliwa, anapewa chai, anashukuriwa kwa kuja. Shizu anamsemesha kwa adabu ile ya kumsemesha mkaguzi wa mita ya gesi. Neno "mdogo wangu" halijatoka tena.

"Afadhali angenimwagia hiyo chai," anasema Tomie.

Chakula chake cha mchana ni wali uliofinyangwa na kufungwa kwa mwani. Pembeni, mahali ambapo miaka yote palikaa vipande vya figili ya moshi, hapana kitu. Anasema ya dukani hainunui.

Saa nane hivi gari la familia linasimama nje. Anashuka Mikami, baba wa watoto wawili, fundi wa umeme, mteja tangu enzi za marehemu. Anavua kofia, anaivaa, anaivua tena. Tomie anajua kabla hajafungua mdomo.

"Shangazi, samahani sana. Tumeamua... ile ya misimu yote. Mke wangu na kazi, watoto, tunachelewa kila mwaka. Nimekuja kuchukua zetu."

Tomie anamtazama. Anasikika akivuta pumzi, na Mikami anaonekana kujiandaa kwa mvua ya maneno, maana Kamisawa nzima inamjua mwanamke huyu.

"Unapita wapi kwenda kazini?" anauliza.

"Barabara kuu tu."

"Kona ya Mierezi?"

"Siku moja moja."

"Siku hizo usipite alfajiri baada ya mvua. Chukua gari la ofisi, lenye tairi za baridi."

Anapanda ngazi. Anashusha tairi moja moja, mwenyewe, anakataa kusaidiwa. Zote nne zikiwa garini anapima hata upepo, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Mikami anatoa pochi. Tomie anamfukuza kwa mkono kama anafukuza kuku. Gari linapowashwa anagonga kioo.

"Sikiliza. Ukiteleza, nipigie mimi. Usipige bima, nipigie mimi. Saa yoyote."

Mikami anacheka kwa aibu. "Hata kama sikununua kwako, shangazi?"

"Hata kama umenunua kwa adui yangu. Hata kama umenitukana. Namba ni ileile."

Gari likishaondoka Tomie anarudi darini na kitambaa kilicholoweshwa, anafuta jina la Mikami kwenye ubao wa rafu. Rafu ya pembeni yake ina tairi nne ndogo za pikapu, plastiki yake mpya, vumbi hakuna. Zimeandikwa Kosaka, na chaki imekolezwa juu ya chaki ya zamani, maana ilikuwa imeanza kufifia.

Pikapu ya Shizu ilitengenezwa, imekaa chini ya banda lake na zile tairi za Saitama. Haina dereva. Tomie ameshapanga: mlima ukivaa mara ya tatu, kabla foleni haijaanza, atakwenda na jeki yake kuifunga hizi za baridi. Hataomba ruhusa. Kisha atamwomba Shizu awashe moshi bandani, figili atalima yeye, kuendesha ataendesha yeye, sokoni Shizu atakaa mbele ya meza kama zamani na kugombana na wateja.

"Na akikataa?" anaulizwa.

"Atakataa," anasema. "Najua atakataa. Nitafunga tairi hivyohivyo."

Simu yake haikai tena mezani. Ameishonea mfuko ndani ya ovaroli, kifuani, na akienda kuoga anaiweka kwenye kisahani cha sabuni ambako maji yanairukia. Jioni hii imelia mara tatu, na kila mara Tomie aliidaka kabla mlio haujakamilika: mteja anauliza bei, mpwa wa Sendai anasalimia, mtu amekosea namba.

Anairudisha mfukoni, anabonyeza kifua kuhakikisha imekaa.

"Ninachotaka mimi si biashara irudi," anasema. "Nataka apige. Hata aniambie tu theluji imeanguka, nitoke nikaikwangue mlangoni kwake. Apige."