Dereva Saa Mbili

Wenzake wanamwita mume wangu Saa Mbili, na jina hilo kajipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Anaendesha teksi kati ya viwanja viwili vya ndege: huu wetu mdogo, na ule mkubwa wa nyuma ya vilima, zinakotua ndege za nje. Kwa angani ni hapo tu, hata chai haipoi. Lakini hakuna ndege inayojisumbua kuruka hapo katikati, kwa hiyo anayeshuka huku apande kule lazima apite mikononi mwa mume wangu. Na kila abiria, hata begi halijaingia kwenye buti, anauliza: "Dereva, mpaka kule ni saa ngapi?"

"Saa mbili."

Miaka nenda rudi jibu ni hilohilo. Anarudi nyumbani yuko hoi, mgongo umekakamaa, ukimwuliza atakula nini anakutazama tu. Hata usingizini anajibu, "Saa mbili." Namwambia, lala baba watoto, hujaulizwa.

Sasa binti yetu, kifungua mimba, anayefanya kazi nje mwaka wa sita huu, akapiga simu. Mwenzangu alikuwa barabarani, abiria wanabishana nyuma. Jioni akaingia uso unang'aa, uchovu wote kausahau.

"Mama watoto! Mwanao anapita Jumamosi, yeye na mtoto. Anabadilisha ndege kule uwanja mkubwa. Kasema, 'Baba, nitakuwa hapo saa nne.'"

Jamani, mjukuu! Nilikuwa namjua kwa picha za simu tu. Siku hiyohiyo nikaanza kufuma sweta.

Jumamosi nilitaka tuwahi. Akakataa. "Barabara hii utanifundisha wewe?" Haya. Tukaondoka saa mbili asubuhi, na kweli, saa nne kamili tulikuwa kwenye mlango wa wanaowasili, macho yametutoka. Watu wakatoka na mizigo yao, wakaisha. Simu yangu ikalia, namba ngeni; nikaiweka spika tusikie wote.

"Shikamoo mama. Nimeazima simu, yangu haishiki huku. Mbona hamkuja? Tumekaa pale nje na mtoto tangu alfajiri, nikijua mko njiani. Sasa tumo ndani ya ndege, wanafunga mlango."

"Si ulisema saa nne?"

"Nilisema nitakuwa hapo saa nne, mama. Tangu saa kumi na mbili mpaka hii saa nne. Ndiyo hizo saa nne, zimeisha."

Ikakatika.

Nilitaka kumrukia mume wangu, Mungu anisamehe. Maneno yalishafika mdomoni: kutwa kucha unawagawia wageni saa, leo za mwanao zimekupita! Nikamgeukia. Alikuwa kasharudi kwenye gari, kaliegemea, kashika kitasa, hafungui. Nikayameza yote. Ndege ikanguruma juu yetu na hakuna aliyeinua kichwa.

Jamaa mmoja mwenye mkoba akaja mbio. "Dereva, mpaka ule uwanja mdogo ni saa ngapi?"

Nikasubiri jibu lake la siku zote.

"Ni mbali, ndugu yangu," akasema. "Ni mbali sana."

Akamfungulia buti. Mimi nikakaa mbele, sweta mapajani, tukarudi watatu.