Wafula Hakunigusa

Siku yangu ya kwanza kama hakimu mjini Kitale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, watu walijaa kortini kumwona mshambuliaji wao wa zamani wa soka amevaa suti nyeusi. Mmoja alipiga makofi. Hakimu Mkuu aliniita ofisini mwake. "Kijana, hapa hakuna mashabiki. Siku utakayoshangiliwa, rudi usome faili upya."

Wakati huo hakimu aliandika kila neno la shahidi kwa mkono wake. Shahidi alisema, akaingojea kalamu, ndipo akaendelea. Kidole changu kina sugu hadi leo. Mwandiko huo ndio uliokuwa kumbukumbu za kesi, na hakuna aliyeruhusiwa kufuta neno.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma. Asubuhi moja karani alimwita mshtakiwa kutoka Bumula, aliyedaiwa kumpiga jirani yake kwa jembe. Nilimtambua kabla hajafika kizimbani. Alikuwa Wafula, beki aliyepewa kadi nyekundu kwa madai ya kunichezea rafu ndani ya eneo la penalti. Penalti ile niliifunga mimi. Timu yake ya kampuni ilimwacha, na siku hizo aliyeachwa na timu alipoteza pia ajira ya kiwandani.

"Mheshimiwa, mimi sikugusa huyu mtu," alisema. "Na si wewe unajua nikisema sikugusa, sikugusa? Ulianguka peke yako kama gunia ya mahindi, bana!"

Korti nzima ilicheka. "Kimya!" karani akafoka.

Sheria ilinitaka nijiondoe, yaani nimwachie hakimu mwingine kesi ya mtu tuliyekuwa na historia naye. Ningeweza kuandika "sababu za kibinafsi" nikainuka. Badala yake niliandika, huku nikisoma kwa sauti: "Wafula hakunigusa. Nilijiangusha kwa makusudi. Najiondoa."

"Sasa unaniacha?" Wafula alilalama. "Ni wewe tu unajua mimi sidanganyi!"

"Ndiyo sababu siwezi kukuhukumu."

Hakimu mwenzangu aliyeichukua kesi alimwachilia, baada ya daktari kueleza kuwa jeraha la jirani lilikuwa la zamani.

Nilipostaafu, Wafula alikuja kuniaga. "Mzee, ile karatasi uliandika bado iko?"

"Iko masjala."

"Nitafutie nakala. Watoto wangu wanajua ati nilifukuzwa juu ya rafu."

Kesho yake nilipanga foleni dirishani kama raia yeyote, nikaomba nakala yenye muhuri. Nimeandika hukumu nyingi. Karatasi hiyo ndiyo pekee niliyoipeleka kwa miguu yangu hadi Bumula, nikaisoma mbele ya watoto wake.