Tundu kwenye Sufuria ya Shangazi

Mwaka ule barabara za kuingia Bunia zilikuwa zikifungwa na kufunguliwa, na bia ya chupa ikawa ghali, kitu cha kunywa kwenye ndoa za watu tu. Mimi ni fundi wa frigo, nimezoea kuunganisha vitu. Nikaamua kupika bia yangu mwenyewe, bia ya nafaka tupu.

Nafaka haikunisumbua. Mahindi na mtama niliviloweka, nikavitandaza juu ya magunia mpaka vikaota, nikavianika na kuvisaga kwa kuparaza tu. Vyombo ndivyo vilivyonitembeza. Bomba la shaba la kupozea nililitoa kwenye frigo lililokufa, nikalichemsha mpaka harufu ya mafuta ikaisha. Robine, koki ya kutolea bia, niliipata kwa wauza vyuma chakavu nyuma ya soko. Kipimajoto niliazima kwa rafiki anayetengeneza jibini. Kilichobaki ni sufuria. Za sokoni ni kubwa lakini nyembamba; ukitia kimea, kinaungua chini kabla juu hakujapata moto.

Shangazi yangu alikuwa nayo ya kufaa. Alipokimbia vita kijijini kwake Gety alifika kwetu akiwa ameibeba kichwani, ndani yake blanketi moja na sahani. Ilikuwa nzito, ya zamani, na tangu siku ile ilikaa imefunikwa chini nyuma ya jiko, kuku wakilala juu yake.

Asubuhi moja nilimkuta akichambua sombe, majani ya muhogo.

"Shangazi, ile sufuria yako, unatumikaka nayo?"

"Nitapikia nani? Hapa siye ni watatu tu."

"Naiomba kwa kazi yangu ya bia. Lakini nitaitoboa, chini, mahali pa kuweka robine."

Mikono yake ilisimama kidogo juu ya majani, kisha ikaendelea.

"Kamata, baba," alisema. "Weye njo unanilisha."

Nilisikia neno la kwanza tu, la kukubali. La pili, kwamba mimi ndiye ninayemlisha, nililisikia baadaye sana.

Niliitoboa uani siku hiyohiyo. Shangazi alitoka akasimama mlangoni pa jiko. Chuma kilipopenya upande wa pili alifumba macho, halafu akachukua bidon akaenda kuteka maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Bia ya kwanza ilichacha vibaya. Ya pili ilitoka nzuri, nyekundu kidogo, na majirani wakaja na vikombe vyao. Shangazi alikunywa glasi nzima.

"Iko muzuri," alisema. "Iko na harufu ya mukate."

Nilifurahi kama mtoto aliyepewa pointi shuleni.

Ni mke wangu aliyeniambia, tukiwa tunaanua nguo.

"Unajua ile sufuria ilikuwa ya nini? Kule kwao njo ya kilio. Mutu akikufa, wanakuja kuiomba kwake. Alipikia hata watu waliokuja kuzika bwana yake."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia nini? Anakula kwako, analala kwako. Ungeomba hata kitenge yake, angekupa."

Nilibaki nimeshika shuka mkononi. Nilijitetea moyoni kwamba niliomba, sikunyang'anya. Lakini nilijua vizuri: mtu asiye na mahali pengine pa kwenda haombwi kitu. Anaambiwa tu kwa sauti ya upole.

Nilizunguka mjini kutafuta wa kuliziba tundu lile. Mafundi wa kuchomelea walilitazama wakatikisa kichwa. Mashine zao ni za chuma, sufuria ile ya alumini ingeyeyuka. Mwishowe niliweka bulon, bolti nene, na mpira pande zote mbili, nikakaza mpaka mkono ukaniuma. Nikajaza maji ya baridi. Hakuna tone lililotoka.

Kulipotulia upande wa Gety, mwana wa Shangazi alimwita arudi. Nilimfungia sufuria nyuma ya pikipiki mwenyewe.

"Acha, baba. Bia yako utapikia wapi?"

"Nimepata ingine," nikasema. Sikuwa nayo.

Alipitisha kidole gumba juu ya bulon, polepole, kama mtu anayegusa kidonda cha mtoto. "Asante," akasema, akapanda.

Mvua zilikuwa zimekwisha mwanawe alipokuja Bunia kuuza muhogo. Tulimpa chakula, nikamuuliza habari za mama yake.

"Alisema nisikuambie. Jirani alikufa, tukaweka sufuria kwenye moto. Mupira uliyeyuka, maji yote ikamwagikia makaa. Wageni walingojea mupaka jioni, tukapika kwa vyungu vidogovidogo vya nyumba kwa nyumba. Sasa mama anawekea mbegu ndani yake. Anasema ni muzuri, panya haingii."

Nilimsogezea sahani yangu.

Nimewaagiza wafanyabiashara wanaotoka Uganda waniletee sufuria nzito kama ile. Wanaleta zilezile nyembamba. Bia sijapika tena. Shangazi nikimpigia simu, hasemi lolote la sufuria. Anauliza tu kama majirani wangali wanaipenda bia yangu. Namjibu kwamba wanaipenda sana, naye anacheka, na mimi nasubiri akate simu kwanza.