Pumzi za Shangazi

Shangazi yangu, mkulima wa kahawa wa Kalinzi, alihamia kwetu Katubuka, mjini Kigoma, alipoanza kutibiwa saratani ya titi. Dawa za dripu tulizifuata Mwanza kwa basi, mimi nikimsindikiza. Kila safari ilipokaribia, hofu ilimbana kifua na usingizi ukampaa.

Muuguzi mmoja wa hospitali ya kule alimwonyesha namna ya kujituliza: avute pumzi kwa pua hadi tumbo liinuke, kisha aitoe polepole kwa mdomo, kama anayepoza uji. Shangazi alimsikiliza kwa heshima zote. Tulipotoka nje akanigeukia.

"Mwanangu, tumetoka Kigoma kote huko nije kufundishwa kupumua?"

Nyumbani sikumwacha. Nilimketisha barazani kila asubuhi, naye akacheka, akakohoa, akauliza chai iko wapi. Jioni tuliteremka Ujiji kupunga upepo wa ziwa, na huko hakutaka kabisa kusikia habari ya pumzi. Aliangalia wanawake wakianua dagaa, akawauliza bei, basi.

Kumbe alikuwa akijaribu peke yake. Siku moja kichefuchefu kilimshika vibaya, nikamkuta mkekani, mkono tumboni, macho ameyafumba. Nilingoja mlangoni mpaka akamaliza.

"Kimeisha, Shangazi?"

"Wapi! Kipo. Ila kimenikuta nimekaa, hakikunikuta nakimbia."

Safari iliyofuata, mshipa ulikataa kuonekana. Muuguzi alichoma, akachomoa, akachoma tena. Mimi niliyekuja kumtia moyo ndimi niliyeishiwa nguvu; jasho la baridi likanitoka, nikaegemea ukuta. Shangazi aliniona, mkono wake bado umenyooshwa.

"Kaa chini. Vuta kwa pua. Acha mabega, nataka tumbo. Haya, toa. Taratibu!"

Nikatii kama mtoto. Muuguzi alicheka, na katikati ya kicheko hicho mshipa ukapatikana. Nilitoka nje nikalia kidogo, nikarudi.

Matibabu yalikwisha. Shangazi amerudi Kalinzi, ingawa uchovu haujamwacha. Huchuma kahawa ya miti iliyo karibu na nyumba tu, mingine huwaachia wanawe. Mara ya mwisho tulipokwenda Mwanza apimwe, daktari alisema yuko vizuri hadi sasa. Neno hilo halikumpendeza.

"Hadi sasa," alinung'unika tukielekea stendi. "Kwani yeye yupo hadi lini?"

Akanishika mkono, tukavuka barabara.