Injini Isiyo na Boti

Boti za dagaa zinaporudi Katonga asubuhi kutoka ziwani, husikika kabla hazijaonekana. Kila injini ina kikohozi chake, na wanawake wanaonunua dagaa ufukweni huvijua vyote. Hawanyanyui hata shingo. Mmoja akisema, "Huyo si wetu," wanaendelea kugeuza dagaa wao mchangani. Akisema, "Huyo ndiye," wanakamata mabeseni na kutimka, maana anayetangulia kufika majini ndiye anayechagua. Nimekulia katikati ya masikio hayo. Nayataja mapema ili msomaji asidhani kila nijuacho nilifundishwa Ulaya. Stashahada yangu ya utunzi wa muziki wa kompyuta niliipata huko kwa jasho langu, nikisafisha ofisi za watu ili nilipe ada, na imetundikwa ukutani nyumbani kwangu, mtaa wa Rusimbi, kila aingiaye aione. Lakini sikio nilikwenda nalo.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja masika ya kisa hiki. Baba alikuwa amefariki, na redio kaseti yake aliniachia mimi, si kaka zangu. Alitamka hivyo mbele ya watu. Tulihamia kwa baba mdogo, aliyekuwa na banda la kuuza mafuta ya boti palepale Katonga, mtu wa kupenda sifa na kuogopa wateja. Redio ile mikononi mwangu ilimkera. "Mtoto wa kike na mawaya, wapi na wapi? Ukiniletea neno nayo, naichukua." Mimi nilirekodi tu. Nilirekodi makasia, karabai zikipigwa pampu, dagaa wakimwagwa mchangani kwa sauti ile ya mvua ndogo. Kisha niliazima redio ya jirani, nikazitazamanisha mbili, moja ikicheza na nyingine ikinasa, sauti juu ya sauti. Hakuna aliyenionyesha. Miaka mingi baadaye mwalimu wangu aliniambia kuwa waasisi wa muziki huu walianza kwa njia kama hiyo. Nilimjibu kuwa mimi nilianza bila kuwasikia.

Asubuhi moja boti iliyosubiriwa kuliko zote, yenye injini nzito ya kunguruma, ilichelewa. Mama Siwema, mnunuzi mkubwa pale, aliyewalipia wavuvi wake mafuta bandani kwa baba mdogo, mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ameanika dagaa wa jana yake eneo zima. "We mtoto wa marehemu," alinipigia kelele, "zima hicho kidude chako tusikie boti. Kinaimba kama tumbo la mgonjwa!" Wenzake wakaangua kicheko. Nilikwenda nyuma ya banda, nikaweka kanda ya injini ileile waliyokuwa wakiingoja, niliyokwisha kuirudufu juu yake yenyewe ili ngurumo iwe nene, nikafungulia sauti hadi mwisho.

"Huyo ndiye!" alipiga ukelele Mama Siwema. Wakatimka wote. Waliingia majini hadi magotini, khanga zikaloa, wakalikodolea macho ziwa tupu. "Iko wapi jamani?" "Inakuja, hamsikii?" "Nasikia, mbona sioni?" Walibaki pale wakibishana na maji, na nyuma ya migongo yao mvua ikashuka kutoka vilimani, na hapakuwa na mtu wa kuanua dagaa. Dagaa aliyekaribia kukauka akiloa, huyo ni wa kutupa.

Waliponikuta nyuma ya banda, kanda ilikuwa bado inanguruma. Baba mdogo alifika mbio. Alinipokonya redio, na kanda ikiwa ndani, akampa Mama Siwema kwa mikono miwili. "Chukua hii, dada yangu, yaishe. Usituhame."

"Ni ya baba," nilisema.

"Baba yako ni mimi."

Nililia. Mama Siwema akaiweka redio ndani ya beseni lake. "Lia vizuri," akasema, "leo hujirekodi." Wakacheka tena, wakiwa wameloa vilevile.

Watu wema watangoja niseme nilijuta. Sikujuta, na sijuti. Leo muziki wangu hupigwa kwenye kumbi zenye spika kila upande. Watu hulipa, huketi, hufumba macho, hupiga makofi kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniamini kiasi cha kunyanyuka kwenye kiti. Masikio ya Katonga ni bora kuliko yao. Roho za Katonga, hapana.

Baba mdogo sasa amezeeka, na hupita mjini akisimulia kwamba redio yangu ya kwanza alininunulia yeye. Juzi alikuja kwangu na mwandishi wa habari kijana. "Mwambie, Profesa wetu, nani alikushika mkono." Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea chai. Kisha nikamsimulia mwandishi yote haya, kinasa sauti chake kimewaka, na baba mdogo ameshika kikombe bila kunywa.

"Ya zamani hayo, mwanangu," alisema mwishowe, kisha akamgeukia kijana. "Hapo futa."

Kijana aliniangalia. Nikamwambia asifute hata neno.