Mkwe Alijifunzia Uongozi Kichwani Kwangu

Mnaosema shahada haiwezi kumfukuza mtu chumbani kwake, ngojeni niwape yangu.

Mimi imenifukuza. Na meza nikaibeba mwenyewe.

Iko hivi. Nimestaafu udereva wa malori. Shule yangu ilikuwa barabara. Kusoma nimejifunza kwenye vibao vya njiani na magazeti ya kufungia sabuni. Nyumba nimejenga mimi. Chumba cha mbele kilikuwa changu: kitanda, redio, na dirisha linaloona mtaa mzima.

Mwanangu akahamia na mkewe, msaidizi wa mwalimu mkuu. Kaambiwa ukuu hapati bila shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu.

"Baba, nakiomba chumba cha mbele nisomee."

"Kasomee jikoni."

Vita vikaanza hapo.

Kila Jumapili baada ya chai, kikao. Ajenda zake, mwenyekiti yeye.

"Baba, wewe ni mdau muhimu."

"Mdau? Kwenye nyumba yangu?"

"Tunataka maoni yako."

"Maoni yangu: funga kikao."

Akiingia darasa la mtandaoni, nafungulia redio. Sitii chumvi: mbwa wa mtaa wa tatu walihama. Siku moja nikapenyeza jogoo sebuleni. Aliwika mpaka profesa kwenye skrini akaitikia salamu.

Mke wangu akanishika shati. "Mzee, unamchukia mtoto wa watu kwa ajili ya dirisha?"

"Leo dirisha, kesho nyumba!"

Basi asubuhi moja nikamsikia mkwe nje, chini ya dirisha langu, anaongea na simu. Nikazima redio. Shingo nikaivuta kama twiga.

"Mwalimu, zoezi la vitendo linakwenda vizuri. Si ulisema tuongoze mabadiliko mahali tunapopingwa? Mkuu wangu kanikatalia shuleni, nafanyia nyumbani. Baba mkwe ni mkaidi huyo! Alama ni za kustahimili upinzani: akiendelea kukataa kunipa chumba, nimefaulu."

Weee! Kumbe somo lenyewe ni mimi!

Nikaapa: hafaulu mtu kwa mgongo wangu. Anataka upinzani? Hapati hata tone.

Kikao kilichofuata nilikuwa asali.

"Naunga mkono, mwenyekiti. Chumba chukua."

Kitanda nikakihamishia stoo. Meza yake nikajitwika kichwani mwenyewe, mwanangu akapiga picha. Mkwe kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Moyoni nikasema, umekwisha, bibie.

Siku ya kuwasilisha kazi yake nikavaa suti, nikaenda chuoni kumwona akianguka. Nikakaa mstari wa mbele.

Picha ikatokea ukutani. Mimi na meza kichwani.

"Huyu alipinga kuliko wote," mkwe akasema. "Mwishowe mabadiliko kayabeba mwenyewe."

Profesa mmoja akaegemea mbele. "Ulimbadilishaje?"

"Vikao vilishindwa. Kumbembeleza kukashindwa. Nikajiuliza, huyu mtu anapenda nini? Nikaona anapenda kunikomoa. Basi nikasimama chini ya dirisha lake na simu iliyozimwa, nikasema kwa sauti kwamba nataka akatae."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Yule pale, mwenye tai. Asante, baba."

Makofi. Nikainuka, nikainamisha kichwa. Ningefanyaje?

Sasa yeye ni mwalimu mkuu. Mimi nalala stoo na magunia, na salamu yake siitikii mpaka airudie. Sijamsamehe, msinibembeleze.

Lakini chukueni hili kwa dereva mzee: ukiishi kwa kumkomoa mtu, usukani umeshampa. Kazi yake ni kukuonyesha tu njia anayojifanya haitaki, utaifuata mwenyewe, tena mbio.

Juzi kaniletea chai stoo, kachangamka.

"Baba, nimeanza uzamivu!"

Sijamuuliza mada. Naogopa kuuliza ndiyo sura ya kwanza.